Uzi unakimbia, uko foleni, au umelala? Kutafuta kinachochelewesha nyuzi kwenye vifaa vidogo vya Linux

Mama anayesimamia mtambo wa umeme wa jua kisiwani hapigi simu ovyo. Siku aliyonipigia, baada ya shikamoo na marahaba, alisema jambo moja tu: "Mwanangu, namba za betri zinaganda, halafu zinaruka." Nikaingia nikiwa mbali kwenye kisanduku chetu, kompyuta ndogo inayosoma mita za mtambo huo, nikaangalia CPU. Asilimia 85 imekaa bure. Lakini ile namba ya mzigo ambayo amri ya `uptime` huonyesha ilikuwa juu ya 4. Nikafanya kile ambacho wengi wetu hufanya usiku tukiwa na haraka: nikaupa uzi unaosoma mita kipaumbele cha 99, cha juu kabisa, nikawasha upya, nikalala. Asubuhi hali ilikuwa vilevile kabisa.

Hapa ninaandika njia niliyopaswa kuifuata usiku ule. Nimemfikiria mtu anayeandika C au C++, ingawa amri nyingi zinafaa kwa lugha yoyote. Ninaposema "uzi" ninamaanisha thredi: mkondo mmoja wa kazi ndani ya programu, ukiishi na wenzake kwenye kumbukumbu ileile. Kwa kerneli ya Linux (moyo wa mfumo, unaogawa CPU na kumbukumbu) kila uzi ni mtu kamili. Una namba yake, una hali yake, na una chumba chake ndani ya `/proc/PID/task/`. Ukilijua hilo, nusu ya zana unazohitaji tayari ziko kwenye kifaa, hata kile chenye BusyBox (kifurushi kidogo cha amri za msingi) peke yake.

Kisanduku chenyewe ni cha kawaida: bodi yenye viini 4 vya Cortex-A53, RAM ya GB 1, kadi ya SD, waya wa data wa RS-485 unaokwenda kwenye mita 12 za umeme, na modemu ya simu. Programu ina nyuzi nne. Msomaji husoma mita kila sekunde, mwandishi huhifadhi kwenye hifadhidata ya SQLite, mtumaji hupeleka kwenye seva, na skrini huonyesha.

Hatua ya 1: Geuza malalamiko yawe namba

"Inasuasua" haitibiki. Andika kwenye karatasi: uzi upi, ulitakiwa kufanya nini, kila baada ya muda gani, na unachelewa kwa kiasi gani ukiwa katika hali mbaya kuliko zote. Wastani usikudanganye. Uzi unaowahi mara 999 na kuchelewa sekunde 4 mara moja una wastani mzuri sana, na bado mama atapiga simu.

Kabla hujaulaumu uzi, piga hesabu ya waya. Kwa Modbus (lugha ambayo mita hizi huzungumza) ya biti 9600 kwa sekunde, kila herufi ikiwa na biti 10, waya hupitisha herufi 960 kwa sekunde. Ombi la baiti 8 na jibu la baiti 25 (rejista 10) ni baiti 33, yaani milisekunde 34 hivi, bila kuhesabu muda ambao mita yenyewe hutumia kufikiri. Mita 12 zinakula kama milisekunde 412. Zingekuwa mita 30, waya peke yake ungevuka sekunde moja, na hakuna kipaumbele wala kiini cha ziada kitakachokuokoa. Nimewahi kuona timu ikibishana wiki nzima kuhusu kerneli wakati jibu lilikuwa kupandisha kasi ya waya hadi 19200.

Kisha weka kipimo ndani ya uzi wenyewe:

```
struct timespec zamu, sasa;
clock_gettime(CLOCK_MONOTONIC, &zamu);
for (;;) {
    zamu.tv_sec += 1;
    clock_nanosleep(CLOCK_MONOTONIC, TIMER_ABSTIME, &zamu, NULL);
    clock_gettime(CLOCK_MONOTONIC, &sasa);
    long us = (sasa.tv_sec - zamu.tv_sec) * 1000000L
            + (sasa.tv_nsec - zamu.tv_nsec) / 1000;
    if (us > kubwa) kubwa = us;
    soma_mita();
}
```

Mambo matatu hapa yana sababu zake. Tumia `CLOCK_MONOTONIC`, kwa kuwa bodi nyingi ndogo hazina betri ya saa. Zikiwaka hudhani ni tarehe ya zamani, kisha NTP (huduma ya kurekebisha saa kupitia mtandao) ikifika saa ya ukutani inaruka miezi kadhaa, na kipimo chako kinaruka nayo. Pili, lala hadi wakati fulani, usilale kwa muda fulani. Ukiandika `sleep(1)` na kazi yako inachukua milisekunde 40, zamu yako kwa kweli ni sekunde 1.04, na kwa saa moja utapata visomo 3461 badala ya 3600. Hapo hakuna uzi uliochelewa, ni hesabu tu.

La tatu ni mtego nilioutega mwenyewe. Uzi ukikwama sekunde 4, zamu nne zimeshapita, na kitanzi hiki kitazikimbiza zote mfululizo bila kulala. Huko ndiko kulikotoka "zinaganda, halafu zinaruka". Ukigundua umechelewa zaidi ya zamu nzima, isogeze `zamu` mbele hadi wakati wa sasa na uhesabu zamu ulizozikosa.

Hatua ya 2: Zipe nyuzi majina

Dakika tano za kazi, na zitakurudishia masaa. Bila majina, `top -H` itakuonyesha safu nne zenye jina moja la programu. Kila uzi unapoanza, ujiite:

```
pthread_setname_np(pthread_self(), "msomaji");
```

Jina lisizidi herufi 15, la sivyo kazi hiyo inarudisha kosa na jina halibadiliki.

Hatua ya 3: Kagua kisanduku kabla ya programu

Umeme kwanza. Bodi inayolishwa na chaja ya simu kupitia waya mrefu mwembamba itapungukiwa volti pale tu inapofanya kazi nzito, yaani wakati uleule unaoihitaji, na CPU itapunguzwa kasi kimyakimya. Kwenye Raspberry Pi uliza hivi:

```
vcgencmd get_throttled
```

Jibu la `0x0` ni salama. `0x50005` maana yake volti ni ndogo na CPU inazuiwa sasa hivi. `0x50000` maana yake hayo yalitokea tangu bodi iwashwe ingawa kwa sasa yamepita. Usilipuuze hili la pili, ndilo linaloelezea matatizo ya mchana yasiyoonekana usiku. Volti ikishuka chini ya 4.63 ndipo bodi hizo huanza kulalamika, na joto likifika nyuzijoto 80 za Selsiasi hivi huanza kujipunguzia kasi. Kisanduku cha bati kwenye jua la saa nane mchana hufika huko bila shida.

Kwa bodi nyingine, soma mwenyewe kasi na mdhibiti wake:

```
cat /sys/devices/system/cpu/cpu0/cpufreq/scaling_governor
cat /sys/devices/system/cpu/cpu0/cpufreq/scaling_cur_freq
cat /sys/class/thermal/thermal_zone0/temp
```

Ukikuta `powersave`, CPU imefungwa kwenye kasi ya chini kabisa. Wakati wa uchunguzi weka `performance` ili uondoe shaka moja, kisha uamue baadaye kama betri inaruhusu kuiacha hivyo.

Kisha RAM. Wengi hudhani kifaa kisicho na swap (sehemu ya diski inayotumika kama RAM ya akiba) hakiwezi kuhangaika na kumbukumbu. Kinaweza. RAM ikibana, kerneli hutupa kurasa za msimbo wa programu yako, kwa kuwa inaweza kuzisoma tena kutoka kwenye kadi. Basi kila uzi unapokanyaga ukurasa uliotupwa, unasimama kusubiri kadi ya SD. Kwenye kerneli ya 4.20 na kuendelea, ikiwa sehemu hiyo imewashwa, `cat /proc/pressure/memory` na `/proc/pressure/io` zitakuambia ni asilimia ngapi ya muda kazi zilikwama kwa sababu hizo.

Hatua ya 4: Uliza swali lenyewe

Uzi uliochelewa ulikuwa katika moja ya hali tatu. Ama ulikuwa unakimbia kwenye CPU na kazi ikawa kubwa mno. Ama ulikuwa tayari kukimbia lakini umesimama foleni, CPU ikiwa na mtu mwingine. Au ulikuwa umelala, ukisubiri kitu: kufuli (mutex, inayoruhusu uzi mmoja tu kugusa data kwa wakati mmoja), kadi, waya, mtandao. Dawa ya hali moja haina kazi katika nyingine. Kipaumbele ni dawa ya foleni peke yake. Mimi usiku ule nilimpa mgonjwa dawa kabla ya kumpima.

Kipimo kiko hapa:

```
P=$(pidof kisomaji)
for t in /proc/$P/task/*; do
  echo "$(cat $t/comm) $(cat $t/schedstat)"
done
```

`schedstat` ina namba tatu: nanosekunde ambazo uzi umekuwa kwenye CPU, nanosekunde ambazo umesimama foleni ukiwa tayari, na mara ngapi umepewa zamu. Chukua vipimo viwili, toa cha kwanza kwenye cha pili. Muda uliobaki baada ya kuondoa namba mbili za kwanza ni wa kulala. Ukikuta sifuri tatu, au faili halipo kabisa, kerneli yako ilijengwa bila takwimu hizo. Washa `CONFIG_SCHEDSTATS` na uijenge upya, inafaa usumbufu huo.

Uzi wa zamu hulala muda mwingi hata ukiwa mzima, kwa hiyo kupima sekunde 10 kwa jumla hakutoshi. Ni bora uzi wenyewe ufungue `/proc/thread-self/schedstat` mwanzo na mwisho wa kila zamu, na uandike tofauti pale tu zamu inapovuka kikomo. Nilipofanya hivyo, zamu moja mbaya ilisomeka hivi: muda wote sekunde 3.8, CPU milisekunde 28, foleni milisekunde 1. Msomaji alikuwa amelala sekunde 3.77. Skejula ya kerneli, inayogawa zamu za CPU, haikuwa na hatia yoyote, na ile 99 yangu ilikuwa pambo.

Ikiwa unakimbia

Hii ndiyo rahisi kuliko zote, kwa hiyo sitakaa sana. Piga `perf record -g -t TID`, acha sekunde 30, kisha `perf report`. Jenga programu kwa `-fno-omit-frame-pointer`, la sivyo kwenye ARM mnyororo wa miito utakuwa umekatikakatika. Bodi ikikosa `perf`, `strace -c -f -p PID` kwa sekunde chache itaonyesha miito ya mfumo iliyozidi. Usiiache iendelee, maana `strace` yenyewe huchelewesha programu kwa kiasi kikubwa, na namba za muda utakazopata si za kuaminika.

Ninayemkuta mara nyingi ni uzi unaouliza "tayari? tayari? tayari?": `poll` yenye muda wa 0, au `read` isiyosubiri inayorudisha `EAGAIN` ("bado hakuna kitu") mara elfu kadhaa kwa sekunde. Kwa Python ya kawaida kuna kufuli kuu moja, GIL, linaloruhusu uzi mmoja tu kutekeleza msimbo wa Python kwa wakati mmoja. Ukiona nyuzi zako nne zikijumlishwa hazivuki asilimia 100 wakati viini vingine vimekaa bure, usiongeze uzi wa tano.

Ikiwa uko foleni

Tafuta aliye dirishani. Kwanza angalia nyuzi zote, kiini ilichopo kila moja, aina ya ratiba na kipaumbele:

```
ps -eLo pid,tid,cls,rtprio,ni,psr,comm
```

`ps` ya BusyBox haielewi maneno haya yote, itabidi uweke ile kamili ya procps. Kwenye safu ya `cls`, `TS` ni uzi wa kawaida, `FF` na `RR` ni wa ratiba ya wakati halisi, wenye kipaumbele cha 1 hadi 99. Uzi wa `FF` haugawani na wa kawaida. Unakaa kwenye kiini mpaka ulale wenyewe au aje mwenye kipaumbele cha juu zaidi. Kwa kawaida kerneli huwaachia wengine milisekunde 50 katika kila sekunde ili kifaa kisife, na ukiona SSH inajibu kwa kushtukashtuka namna hiyo, mtafute `FF` aliyeingia kwenye kitanzi kisicho na mwisho.

Halafu angalia kama nyuzi zimebanwa kwenye kiini kimoja. `taskset -p TID` itakuambia. Mara nyingi mtu aliwahi kuweka `taskset` kwenye hati ya kuwashia, akahama kazi, na hakuna anayekumbuka. Usisahau `/proc/interrupts`: kwenye bodi nyingi karibu interapti zote (ishara za vifaa zinazoikatiza CPU), za mtandao na za USB, hutua kwenye CPU0. Ukibandika msomaji wako kwenye CPU0 umemjengea nyumba sokoni. Na kama programu inaendeshwa na systemd au ndani ya kontena lenye kikomo cha CPU, soma `cpu.stat` ya kundi lake. `nr_throttled` ikipanda, uzi unazuiwa kwa amri, si kwa msongamano.

Ukihitimisha kwamba kipaumbele kinahitajika kweli, toa kwa kiasi. Anza na namba kama 20 au 30. Kwenye kerneli ya PREEMPT_RT, iliyorekebishwa kwa kazi za wakati halisi, interapti zenyewe hushughulikiwa na nyuzi zenye kipaumbele cha 50, utaziona zikianza na `irq/`. Ukiupa uzi mwingine 60 na ukashika kiini muda mrefu, utaiziba interapti ya waya uleule ambao msomaji anausubiri. PREEMPT_RT ilikuwa kiraka cha pembeni kwa miaka mingi, na tangu kerneli ya 6.12 ya mwaka 2024 inaweza kuwashwa ndani ya kerneli rasmi kwa x86, ARM ya biti 64 na RISC-V.

Kuna shimo moja la pthread ambalo nimewaona mafundi wazuri wakitumbukia. Unajaza `pthread_attr_t` kwa ustadi, unaweka `SCHED_FIFO`, unaweka 30, uzi unazaliwa, na `ps` inaonyesha `TS`. Uzi mpya hurithi ratiba ya mzazi wake na kupuuza ulichoandika, mpaka uongeze mstari huu:

```
pthread_attr_setinheritsched(&a, PTHREAD_EXPLICIT_SCHED);
```

Ukishauongeza, `pthread_create` inaweza kuanza kurudisha `EPERM`, maana sasa kerneli inakuuliza kibali. Hiyo ni dalili nzuri. Angalia jibu la `pthread_create`, kisha uipe programu kibali cha `CAP_SYS_NICE` au uinue kikomo cha `rtprio`.

Ukitaka kujua kama foleni ni ya programu yako au ni kerneli na draiva zake, iache programu yako pembeni na uendeshe `cyclictest` kutoka kwenye rt-tests, inayopima uzi unachelewa kiasi gani kuamka:

```
cyclictest --mlockall --smp --priority=80 --interval=1000
```

Safu ya `Max` ikiwa ndogo huku bodi ikibebeshwa mzigo, kerneli ni nzima, rudi kwenye msimbo wako.

Ikiwa umelala

Hapa ndipo matatizo mengi ya vifaa vidogo yanapoishi, na ndipo `top` haikusaidii, kwa kuwa aliyelala hatumii CPU. Unachotaka kujua ni kitanda alicholalia. Kila uzi una faili la `wchan` linalotaja sehemu ya kerneli ulipolala, na herufi ya hali kwenye `stat`. Ukiwa root, zungusha hivi hadi tatizo litokee:

```
while :; do
  for t in /proc/$P/task/*; do
    echo "$(cat $t/comm) $(cut -d' ' -f3 $t/stat) $(cat $t/wchan)"
  done
  sleep 0.2
done
```

`S` ni usingizi wa kawaida. `D` ni usingizi usioamshika, mara nyingi kusubiri diski au draiva. Nyuzi za `D` huhesabiwa kwenye namba ya mzigo ya `uptime` ingawa hazigusi CPU, na ndiyo maana nilikuwa na mzigo wa 4 juu ya CPU iliyokaa bure. Ningeisoma vizuri namba hiyo usiku wa kwanza, nisingegusa vipaumbele.

Wakati wa kuganda, kisanduku chetu kilitoa hivi:

```
msomaji   S futex_wait_queue
mwandishi D jbd2_log_wait_commit
```

Jina lolote lenye `futex`, kama la kwanza hapo, ni kufuli, au kusubiri ishara kutoka uzi mwingine. La pili ni mfumo wa faili wa ext4 ukisubiri kadi ikubali kilichoandikwa. Uziunganishe: msomaji anasubiri kufuli, na kufuli analo mwandishi, ambaye naye amesimama mlangoni kwa kadi ya SD akiwa na ufunguo mfukoni. Kadi za bei ndogo huandika haraka siku nzima, kisha ghafla hujipa mapumziko ya kupanga vitu vyake ndani, na hapo `fsync` moja (mwito wa kusubiri data ifike kwenye kadi) inaweza kuchukua sekunde nzima au zaidi. Kama majina ya `wchan` hayatoshi, `gdb -p PID` kisha `thread apply all bt` itakuonyesha mstari kamili wa msimbo kwa kila uzi. Jua tu kwamba programu inasimama yote wakati `gdb` inasoma.

Dawa haikuwa kadi ghali, ingawa baadaye tuliinunua. Dawa ilikuwa kutoingia dukani na ufunguo wa nyumba ya watu:

```
pthread_mutex_lock(&kufuli);
n = hamisha(&visomo, nakala);   /* kunakili tu */
pthread_mutex_unlock(&kufuli);
andika_kwenye_kadi(nakala, n); /* chelewa upendavyo */
```

Pitia msimbo wako na uhakikishe kwamba kati ya kufunga na kufungua hakuna kinachogusa faili, mtandao, wala `printf`. Kisha punguza idadi ya `fsync`: kusanya visomo vya dakika nzima ndani ya muamala mmoja badala ya muamala kwa kila kisomo. Kwa SQLite, hali ya WAL (mabadiliko huandikwa kwanza kwenye faili la pembeni) pamoja na `synchronous=NORMAL` huacha kusubiri kadi kwa kila muamala. Umeme ukikatika unaweza kupoteza miamala ya mwisho, lakini hifadhidata haiharibiki. Kwa visomo vya betri nilikubali. Kwa pesa za wateja nisingekubali.

Kufuli lina ugonjwa mwingine, wa kifamilia, unaoitwa kupinduka kwa vipaumbele. Mdogo (mwenye kipaumbele cha chini) anashika kufuli, mkubwa analisubiri, kisha wa kati asiyehusika kabisa anamsukuma mdogo nje ya CPU. Mkubwa sasa anamsubiri wa kati. Chombo cha Mars Pathfinder, kilichotua Mars tarehe 4 Julai 1997, kilikuwa kinajiwasha upya kwa sababu hiyohiyo. Kazi ndogo ya hali ya hewa ilishika kufuli lililohitajiwa na kazi kubwa ya kusimamia basi la data. Chombo hicho kiliendeshwa na VxWorks, si Linux, na wahandisi walikitibu kutoka duniani kwa kuwasha urithi wa kipaumbele kwenye kufuli. Kwenye Linux urithi huo upo, ila hauji wenyewe:

```
pthread_mutexattr_setprotocol(&m, PTHREAD_PRIO_INHERIT);
```

`std::mutex` ya C++ haikupi nafasi ya kuuomba, kwa hiyo kufuli linaloguswa na uzi wa wakati halisi litengeneze kwa pthread moja kwa moja. Lakini usiugeuze kuwa dawa ya kila kitu. Urithi humsaidia mdogo apate CPU. Mwandishi wetu hakukosa CPU, alikosa kadi.

Vitanda vingine ninavyovikuta, bila mpangilio maalumu. Konsoli ya waya wa 115200 hupitisha herufi kama 11,520 kwa sekunde, kwa hiyo mstari mmoja wa herufi 80 ni milisekunde 7. Programu inayomwaga logi huko itaenda vizuri hadi bafa ijae, kisha kila uzi unaochapisha utaanza kusubiri waya. Vibadilishi vya FTDI, vinavyounganisha waya wa mita na USB, hushikilia baiti chache hadi milisekunde 16 vikitumaini zitaongezeka, na kwa mita 12 hizo ni karibu milisekunde 190 kwa zamu. Hapa unaandika 1 kwenye `/sys/bus/usb-serial/devices/ttyUSB0/latency_timer` na kumaliza. Mtandao ukikatika, `getaddrinfo` kwa mipangilio ya kawaida husubiri sekunde 5 kwa kila jaribio na hujaribu mara mbili, hivyo mtumaji akiitafuta seva yako kwa jina huku ameshika kufuli lolote, kisanduku kizima kitaonekana kimekufa sekunde 10. Na uzi unaolala kwenye ukurasa uliotupwa nje ya RAM, tuliouona kwenye hatua ya 3, hutibiwa kwa `mlockall(MCL_CURRENT | MCL_FUTURE)`, inayozuia kurasa zisitupwe, mwanzoni mwa programu. Ukifanya hivyo, punguza ukubwa wa stack ya kila uzi kwanza. Kwa glibc kawaida yake ni MB 8, na ukiifungia yote kwenye RAM ya bodi ndogo utakuwa umehamisha tatizo chumba cha pili.

Hatua ya 5: Badilisha kitu kimoja, kisha kitese kisanduku

Kimoja. Rudisha vile vipaumbele ulivyobandika usiku, ondoa `taskset` ya majaribio, weka badiliko moja, pima tena kwa kipimo kilekile cha hatua ya 1, angalau siku nzima ili joto la mchana nalo lihesabiwe. Sisi tulitenganisha kufuli na kadi kwanza, peke yake. Uchelewaji mkubwa ukashuka kutoka sekunde 3.8 hadi milisekunde 200 na kitu. FTDI ilifuata siku ya pili.

Usisubiri tatizo lije lenyewe, liite. Jaza kadi hadi ibaki nafasi kidogo. Endesha `dd` inayoandika faili kubwa na `sync` juu yake. Chomoa antena ya modemu. Tumia `stress-ng --cpu 4` kuvijaza viini vyote, kisha `stress-ng --vm 1 --vm-bytes 70%` kuibana RAM. Fanya hayo huku skrini iko wazi na mtu mwingine anaibonyezabonyeza.

Acha kipimo cha `kubwa` ndani ya programu hata baada ya kupona, kiandike kwenye faili mara moja kwa dakika, na faili hilo liwe ndani ya `/run`, ambayo inaishi kwenye RAM. Mimi mara ya kwanza nililiweka kwenye kadi, nikaliandika ndani ya zamu ya msomaji kwa `fsync`, na kwa siku mbili nikafuatilia uchelewaji niliokuwa ninautengeneza mwenyewe.